Bi Pasi na Maneno ya Kwenye Kamba

Mimi nina hasira za karibu, anayenijua analijua hilo. Shangazi yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso hadi mkunga akaniomba radhi. Kwa hiyo nikisimulia habari zake nikapandisha sauti, mnivumilie, sina ugomvi na nyinyi. Ugomvi wangu ni na nafsi yangu.

Shangazi huyu, dada mkubwa wa marehemu baba, ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Hospitalini alikofanya kazi walimwita Bi Pasi, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho. Miaka ishirini na miwili alikuwa chumba cha kufulia: mashine nne za kufua, mbili za kukausha, meza ndefu ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi la kijivu, na mvuke wa kukulowesha mgongo kabla hujamaliza kufunga aproni. Shuka kubwa la wodini wenzake walikuwa wakilikunja wawili wawili. Yeye alilikunja peke yake. Alipitisha ukucha wa dole gumba kwenye mkunjo, mara moja, na shuka likatulia. Shati langu la shule lilikuwa na mstari wa mkono uliosifiwa na walimu wote. Mchafu nilikuwa mimi, shati halikuwa na kosa.

Basi mwaka mmoja hospitali ikaleta mashine mpya, na mashine zikaja na maelekezo ya Kiingereza yaliyobandikwa ukutani. Haikupita wiki mbili, magauni ya chumba cha upasuaji yakaharibika. Maelekezo yalisema ni mifuko ya bluu tu ndiyo iingie kwenye maji ya moto sana. Aliyekuwa zamu, na hakuwa shangazi, akaelewa kwamba mifuko ya bluu ifuliwe tu, isikaushwe. Magauni yakalala majimaji siku mbili yakaota ukungu, na upasuaji wa siku nzima ukaahirishwa. Mkurugenzi akawaka moto. Akatoa amri kwamba baada ya miezi miwili kila mfanyakazi wa kufulia, wa jikoni na wa kubeba machela atafanya mtihani wa Kiingereza, maswali kumi, yote juu ya vile vineno vidogo vinavyobana maana: only, just, almost, even. Atakayepata chini ya sita, mwisho wa mwezi huo wa mtihani anarudisha aproni.

Shangazi alikuwa ameishia darasa la nne. Alirudi nyumbani na tangazo limekunjwa vizuri mfukoni, akaliweka juu ya madaftari niliyokuwa nasahihisha.

"Mwanangu," akasema, "hicho Kiingereza unachowafundisha watoto wa watu, safari hii mfundishe na mzee wako. Mimi nikitolewa kule sijui nitaamka niende wapi."

Alilisema hivyo hivyo, bila kulia wala kucheka. Nikaogopa, kwa sababu shangazi hakuwa mtu wa kusema anaogopa.

Tukaanza jioni ile ile. Nikamwandikia sentensi moja, "Auntie washed the sheets," nikamwambia aitie only. Akaitia mwisho. Nikamwambia hapana. Akaitia mwisho tena, kwa herufi kubwa zaidi.

"Shangazi, kwetu 'tu' hufuata nyuma. Nimefua mashuka tu. Kwa hawa wenzetu hutangulia. Linasimama mbele ya kile kinachobanwa, hapo hapo mbele yake, lisiachiwe nafasi."

"Kumbe la kwetu ni mtoto wa mgongoni, la kwao ni mlinzi wa mlangoni."

"Eeh, hivyo hivyo."

"Sasa huyu mlinzi akisimama mbele yangu mimi?"

"Ni wewe peke yako uliyefua. Wengine walikaa."

"Hiyo ni kweli kabisa, waandike hiyo. Na akisimama mbele ya kufua?"

"Umefua, lakini pasi hukupiga."

"Uongo mtupu! Mimi niache kupiga pasi? Na mbele ya mashuka?"

"Umefua mashuka, mapazia umeyaacha."

"Mapazia ni ya zamu ya jioni," akasema, na nilimwona kabisa ameelewa. Akili haikuwa shida yake hata siku moja.

Shida ilikuwa kalamu. Aliishika kana kwamba itamng'ata. Akiandika neno, anaona halijakaa sawa, analikata, anaandika juu yake, anakata tena, mpaka ukurasa hausomeki na yeye mwenyewe hajui sentensi ilianzia wapi. Siku ya nne nikachoka. Nilikuwa nimetoka shule na watoto sabini na wawili darasani, kichwa kinagonga. Nikamnyang'anya kalamu, haki ya Mungu nikamnyang'anya, nikampigia kelele: "Usiandike kitu mpaka neno limekaa mahali pake! Umenisikia? Lisipokaa, usiandike!" Mtu aliyeniosha, akanivisha, akanifuta kamasi, nikamkaripia kama mtoto wa darasa la pili. Alitoka akaenda kuanua nguo.

Kesho yake niliporudi nilimkuta uani. Alikuwa amechana foronya ya zamani vipande vipande, vyote sawasawa, na vibanio vya nguo vimejaa kwenye kopo.

"Niandikie neno moja moja humu," akasema. "Mikono yangu haijui kuandika, inajua kuanika."

Nikamwandikia. Akavibana vipande kwenye kamba, kimoja baada ya kingine, sentensi nzima ikaning'inia pale uani. Kisha akakichukua kile cha only akawa anatembea nacho. Anasogeza maneno, anakibana, anarudi nyuma hatua mbili, anasoma, anatikisa kichwa, anakibandua, anakipeleka mbele. Alipokiweka mahali pake alijua bila kuambiwa. Mama wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ukuta.

"Jirani, leo unaanika nini?"

"Kiingereza. Kikikauka nakuletea bakuli."

Wiki sita tukaishi hivyo. Nikawa natunga sentensi, yeye anaanika. Almost ndiyo iliyomtesa kidogo, kwa sababu nilimweleza kwamba ukisema "I almost ironed all the sheets," pengine hujagusa hata moja, ulikaribia tu ukaacha. Lakini ukiisogeza mbele ya all, umepiga pasi karibu yote, yamebaki machache. Akaguna. "Mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa kusimama upande mbaya wa hilo neno," akasema. Mwisho wa wiki ya sita alikuwa akipata tisa kati ya kumi, na siku nyingine kumi zote. Akishapanga kwenye kamba, ndipo anakaa chini ananakili kwenye daftari, polepole, bila kukata hata neno. Nikajisifu. Nikasema mimi ni mwalimu bwana, si mchezo. Hata siku moja sikujiuliza chumba cha mtihani kamba ataitoa wapi.

Halafu nikafanya kosa langu. Hospitali iliomba shule yetu walimu wawili wa kusimamia, mwalimu mkuu akanituma mimi. Kulikuwa na fomu. Fomu iliuliza kama una ndugu miongoni mwa watahiniwa, na ukisema unaye, hutasimamia. Nikaandika sina. Hakuna aliyenilazimisha! Majina yetu hayafanani, na nilidhani akiniona pale mbele atapata moyo. Nilipomwambia shangazi hakufurahi.

"Wewe na mimi hatujawahi kukutana, basi," akasema. "Ukinikonyeza nakukana."

Mtihani ulifanyika saa nne asubuhi katika ukumbi wa chakula wa hospitali. Meza zimesogezwa mbalimbali, watahiniwa thelathini na wanane, feni tatu juu zinazungukia joto. Msimamizi mkuu alikuwa karani wa utawala, mzee mwembamba ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kanuni. Alisoma masharti yote kumi na moja kwa sauti moja, kutoka juu hadi chini. Asiyekuwa na kitambulisho atoke. Anayezungumza atoke. Anayehama kiti atoke. Karatasi ikionekana imepita kutoka meza moja kwenda nyingine, wahusika watoke. Lo, kutoka kulikuwa kwingi siku hiyo.

Mwalimu mwenzangu alipewa mlango. Mimi nikapewa safu mbili za dirishani, na shangazi alikuwa meza ya nne, safu ya kwanza. Kulia kwake alikaa mbeba machela mmoja, mwanamume mnene, anatokwa jasho kabla hata maswali hayajagawiwa.

Dakika kumi zikapita, nikapita nyuma yake. Karatasi yake ya majibu ilikuwa nyeupe. Nikajiambia anasoma kwanza. Dakika ishirini, nyeupe. Kalamu ameilaza pembeni, mikono miwili juu ya meza, midomo inacheza. Dakika thelathini nikapita tena, na karatasi ilikuwa nyeupe vile vile. Ndipo nikaelewa. Alikuwa anatafuta kamba. Nilimwambia asiandike mpaka neno limekaa mahali pake, na maneno yalikuwa yamechapwa kwenye karatasi, hayabanduki, hayasogei. Alikuwa akinitii mimi. Nilitamani kumwambia, shangazi, andika tu, kata, chafua, andika! Nikaenda hadi dirishani nikarudi.

Niliporudi alikuwa anaikunja karatasi ya maswali. Alipitisha ukucha wa dole gumba kwenye mkunjo, mara moja. Akachana. Haikutoa sauti yoyote ya kuzungumzia, ilikatika kama imepitiwa na mkasi. Akakunja tena, akachana. Swali la kwanza likawa ukanda, ukanda ukawa maneno. Akayapanga juu ya meza, akayasogeza kwa ncha ya kidole, akachukua kile kineno akakipitisha mbele ya moja, mbele ya la pili, akakiacha. Akachukua kalamu akanakili. Hakukata kitu.

Jamani, nilimwona mzee mzima amekaa na utulivu ambao sijaupata maishani mwangu. Swali la pili, la tatu. Nilisoma juu ya bega lake. La tatu ndilo lililokuwa gumu, hata mimi ningelifikiria mara mbili, naye akalipanga sawa kama maji. La nne sawa. La tano sawa. Zilibaki dakika kumi na mbili na alikuwa anahitaji moja tu ili asalimike, na meza yake imejaa vipande, mkono wa kushoto umevilalia visipeperuke. Nikamwomba Mungu Bwana Kanuni aendelee kuangalia upande wa jikoni.

Aliinua mkono ili ageuze karatasi ya majibu. Upepo wa feni ukashuka juu ya meza. Vipande vinne vitano vikaruka, kimoja kikatua mezani kwa mbeba machela, juu kabisa ya jibu lake.

Mbeba machela akapiga kelele: "Si mimi! Mimi sijaomba kitu!"

Bwana Kanuni alifika kabla hajamaliza kusema. Akakiokota kile kipande kwa vidole viwili, akatazama meza ya shangazi, akatazama sakafu.

"Mama, hii ni nini?"

"Maneno, bwana. Nayapanga."

"Unayatuma kwa jirani yako."

"Simtumii mtu. Yeye mwenyewe muulize, na hayo maneno yanafanana na ya karatasi yake, angeyataka ya nini?"

Ukumbi mzima ulikuwa umeacha kuandika. Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamaza. Bwana Kanuni akatoa fomu kwenye jalada lake. Hakuwa mtu mbaya, na siwezi kumsingizia. Alikuwa na sharti namba nane, na sharti namba nane lilisema taarifa ya udanganyifu ijazwe papo hapo na kutiwa saini na wasimamizi wawili, yeye na msimamizi wa safu. Akaandika mistari miwili, akatia saini, akanipa kalamu.

"Mwalimu, safu ni yako. Saini hapa."

Nikaisoma. Ilisema mtahiniwa alichana karatasi na kupitisha vipande kwa mtahiniwa mwingine. Nikasema, "Bwana, nadhani ni feni. Mimi nilikuwa nimesimama hapa. Feni ndiyo iliyorusha."

Akanitazama usoni, akarudi kumtazama shangazi, akanitazama tena. Tunafanana paji la uso, watu wote wanasema.

"Unamjua huyu mama?"

Nimelifikiria swali lile mara ngapi, sijui. Jibu lake lilikuwa fupi kuliko la swali lolote nililowahi kuulizwa. Lakini niliiona ile fomu niliyoandika sina. Nikamwona mwalimu mkuu, nikaona barua ya kusimamishwa, nikaona watoto wangu sabini na wawili wakipewa mwalimu mwingine. Hayo yote yalipita kwa muda wa mtu kupepesa macho.

"Simjui," nikasema.

Shangazi alikuwa anaokota vipande sakafuni. Aliinuka navyo mkononi, akavipanga kirundo kimoja, akaviweka pembeni ya meza. Kisha akanitazama kama mtu anavyomtazama karani wa dirishani.

"Mwalimu, tia saini," akasema kwa upole. "Usinicheleweshe, nina mashuka ya wodi tatu yananisubiri."

Nikatia saini. Mkono wangu huu, mnaouona, ndio ulioandika. Shangazi akatoka na kitambulisho chake shingoni, mlango ukafungwa, nami nikaendelea kutembea kati ya meza dakika kumi zilizobaki kama mtu mwenye akili timamu. Matokeo yakabandikwa mchana ule ule, na mbeba machela akapata saba.

Jioni nilichelewa makusudi. Nilizunguka mitaa mpaka miguu ikauma, natunga maneno ya kumwambia, yote mabovu. Nilipoingia nilimkuta ameshakula, na sahani yangu imefunikwa. Aproni ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi, imekunjwa mezani tayari kurudishwa. Hawakusubiri mwisho wa mwezi, udanganyifu una barua yake.

Nikapiga magoti. "Shangazi, kesho naenda kwa mkurugenzi. Namwambia kila kitu. Namwambia wewe ni nani wangu, namwambia nilidanganya kwenye fomu, namwambia ile feni..."

"Inuka, utachafua sketi."

"Naenda, shangazi!"

"Ukienda, ukirudi usinigongee." Sauti haikupanda hata kidogo. "Miaka ishirini na miwili nimesimama kwenye ule mvuke ili wewe ukae kwenye kiti cha mwalimu. Sasa leo uende ukakitupe, halafu tukae hapa wawili tunatazamana? Mimi nimeshatoka. Wewe baki."

"Nilikukana mbele za watu."

"Nilikwambia mapema mimi na wewe hatujawahi kukutana. Ulinitii." Akasogeza sahani karibu yangu. "Ila uliponiambia nisiandike mpaka neno limekaa, siku ile ya kalamu, hilo liliniuma. La leo sikulisikia sana, nilikuwa nahesabu maswali."

Nikalia. Nililia vibaya, kwa sauti, mama wa nyumba ya pili akazima redio ili asikie vizuri. Shangazi aliniacha nimalize. Akachukua kijiko akanishikisha mkononi kama alivyofanya wiki ya kwanza niliyofika kwake, nilipokuwa nakataa kula.

"Nikuulize kitu cha Kiingereza," akasema.

"Uliza."

"Swali la tatu. Lile refu. Nililipanga sawa?"

Nikamwambia alilipanga sawa. Nikamwambia yote matano yalikuwa sawa, na kwamba watu thelathini na wanane walikaa mle ndani na sijaona mwingine aliyelipata lile la tatu. Akanitazama kwa makini, aone kama namdanganya.

"Hata yule aliyepata saba?"

"Hata yule."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akainuka kwenda kulala, na mlangoni nikamsikia anairudia ile sentensi ya tatu kwa Kiingereza, neno moja moja, polepole, kila moja mahali pake.